Kadi ya Miaka Minne

Nimeweka bisibisi chini tangu Ramadhani iliyopita, na mpaka leo nikisikia feni ya kompyuta inakwaruza, vidole vinaniwasha. Nyie mliobaki dukani mmeniomba niandike mambo ya kazi, mnasema nikisimulia kwa mdomo nawasema sana. Haya, naandika, na kusemwa mtasemwa vilevile. Nilipandishwa lini na nililipwa nini sitaandika. Duka lile halikuwa na cheo cha kumpandisha mtu, ukiondoa kigoda cha chini ya pangaboi. Nitaandika kazi yenyewe, na nitakaa zaidi kwenye kesi moja, ile ya nyumba ya Bi Mwanahawa mnayoinong'ona nikienda kuswali. Mnadhani sisikii.

Nilianza kwa Fundi Salehe, Mungu amrehemu, enzi za redio. Siku ya kwanza alinitazama kama mtu aliyeletewa samaki asiyemwagiza. Mwanamke fundi redio hakuwahi kumwona, na mimi vilevile sikuwahi. Akaniuliza kama mikono yangu inatetemeka. Nikamwambia inatetemeka nikiwa na njaa. Akanikatia nusu ya chapati yake, akangoja nimalize, ndipo akanisogezea redio ya mbao niifungue.

Alinifundisha mambo mawili ambayo sijayaona kwenye kitabu chochote. La kwanza, kabla ya kufungua, nusa. Kila kilichoungua kina harufu yake, na pua haihitaji betri. La pili, kizima usikiite kibovu. Alikuwa akisema mteja amekuamini, ukimwambia kimekufa na hakijafa, basi muuaji ni wewe. Nilidhani anazungumzia redio.

Redio zikapungua, zikaja televisheni, zikaja kompyuta. Wakati huo jicho lake moja lilishafunga ukungu, akaniambia hizo ni zako, mimi sioni tena waya mwembamba. Nikajifunza mwenyewe kwa kuharibu. Halafu yakaja magemu, na pamoja nayo ikaja ile kadi ya picha, kipande kizito chenye feni zake kinachokaa ndani ya kompyuta na kuchora kila unachokiona kwenye skrini. Bila kadi nzuri, gemu linakwama kwama na maji yanakuwa kama karatasi ya bluu.

Mteja wa gemu siku hizi haulizi kadi ipi ina kasi. Anauliza ipi itadumu. Swali zuri, ila majibu yenu, wanangu, huwa ya ovyo. Mnakimbilia jina jipya lililoandikwa kwenye boksi. Muulizeni kwanza anacheza nini, skrini yake ina ukubwa gani, pawa saplai yake, ile inayogawa umeme mle ndani, ina nguvu kiasi gani, na kompyuta inakaa wapi ndani ya nyumba. Hilo la mwisho mnalisahau kila siku. Kadi yenye memori kubwa na kasi ya wastani huzeeka vizuri kuliko yenye kasi kubwa na memori ya kubana, kwa sababu gemu la kesho linakula memori kwanza. Isiyokunywa umeme mwingi haipati homa. Na ya mtumba msiiguse kama hamjui ilikotoka, maana nyingi zilitumwa kuchimba sarafu za mtandaoni mchana na usiku kwa miaka, kisha zikafutwa vumbi zikaletwa kwetu zinang'aa. Kung'aa siyo ujana, tusidanganyane.

Na mjifunze kusoma uchafu. Kompyuta iliyotoka Ubena, kando ya barabara kuu, mimi naijua kabla mwenyewe hajasema, maana kadi yake ina masizi ya malori. Mmoja wa Kiwangwa aliniletea yake sisimizi wamezaa ndani. Alikuwa akila nanasi juu ya kibodi. Za hapa mjini ugonjwa wake ni chumvi. Upepo wa pwani hauna adabu, unaingia kwenye kila tundu na kuotesha kutu ya kijani kwenye shaba.

Lakini ugonjwa wetu hasa, ambao sidhani mafundi wa kwingine wanaujua, ni fukizo. Sisi hatujui kukaa na kitu cha thamani bila kukifukiza. Mtu ananunua kompyuta, anaitia ubani isipatwe na kijicho. Alhamisi jioni anazungusha chetezo nyumba nzima na moshi wote unavutwa na feni. Nimewakanya watu mpaka nimechoka. Ubani huacha unga mweupe mkavu, ukiupuliza unatoka. Udi ni balaa. Udi wetu unapikwa kwa sukari na manukato, moshi wake unanata, unakuwa gundi ya kahawia iliyokamata feni, na kuitoa ni brashi na spiriti, sehemu moja moja. Nilifika mahali nikifungua kadi najua nyumba ile inafukiza nini na kwa ajili gani. Ubani tunawatilia waliokwenda. Udi tunamtilia anayekuja.

Sasa Saumu.

Alikuja dukani alasiri, amevaa baibui, kompyuta ameibeba mwenyewe ndani ya shuka. Nilikuwa namjua kwa habari kama mji mzima ulivyomjua. Mumewe, Idrisa, alikuwa fundi mitambo kwenye meli ya mizigo iliyokuwa ikienda Ngazija na kurudi. Miezi mitatu nyuma, meli ikiwa katikati ya maji, wenzake walikwenda alfajiri kumwamsha kwa zamu yake, wakakuta kitanda kimetandikwa na ndara zake zimepangwa mlangoni. Yeye hayupo. Walizunguka kumtafuta siku mbili. Hakuna aliyesikia kitu kikianguka majini.

Akaniamkia shikamoo, mama, nikaitikia. Akaeleza kuwa skrini inatoa vidoa vyekundu kisha inazima. Halafu akasema, "Nataka kadi itakayokaa miaka minne."

Nikamtania. Nikamwambia vijana wote hunitaka kadi ya kudumu, ila hajawahi kuja mtu na miaka yake mkononi ameshaihesabu. Hakucheka. Akasema kadhi amewaambia kuwa mume aliyepotea bila maiti kuonekana, yeye kwa fatwa anayoifuata, husubiriwa miaka minne. Ikipita hajarudi, atahukumiwa kuwa amekufa, na mke atakaa eda ya mjane, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba bila mapambo wala manukato, akitoka yuko huru. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Niliona haya mpaka nikajifanya natafuta bisibisi iliyokuwa mbele yangu.

Nikarudi kwenye maswali ya kazi, maana ndiko ninakokimbilia nikiaibika. Anacheza gemu gani? Moja tu, la kujenga na kulima, yeye na Idrisa. Wawili hao walikuwa na kijiji chao, kimehifadhiwa kwenye kompyuta ya Saumu. Idrisa akifika bandari yenye mtandao alikuwa akifungua kompyuta yake ndogo, anaingia kijijini, wanapalilia mihogo yao ya kwenye skrini na kuzungumza mambo yao. Kompyuta ile ikizima na kijiji kimefungwa. Saumu alikuwa na nakala ya kijiji kwenye diski nyingine, lakini hakutaka kukaa hata wiki moja bila kukiona.

Nilimchagulia kwa makini kuliko nilivyowahi kumchagulia mtu. Gemu lile lilikuwa la zamani, halikuhitaji kadi ya fahari. Nikamwagizia mpya, ya wastani, memori tele, mabomba ya kupozea ya shaba, feni mbili pana zinazosimama zenyewe kadi ikiwa haina joto, kwa hiyo hazichakai bure. Nikaweka na stabilaiza, maana umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo hauna simile. Kisha nikaenda kuifunga mwenyewe nyumbani kwa mama mkwe wake, kule mji mkongwe, ili nione inakaa wapi. Nikaihamisha kutoka dirisha la baharini, nikaiweka kwenye ukuta wa ndani.

Tulipowasha, picha ilikuja safi. Kijiji kidogo, kisima, vibanda viwili. Saumu akaingia kwenye kibanda kimoja, na kitandani palikuwa na mtu amelala. Kwenye kadi ya zamani Saumu alishusha mipangilio yote ya picha chini kabisa ili isizime, na nilipoyakuta hivyo roho iliniuma ya kifundi. Kadi kama hii halafu unaangalia picha ya mbao! Nikachukua mausi nikapandisha kila kitu mpaka juu. Nyasi zikaota. Kivuli cha mlango kikaingia ndani. Maji ya kisima yakaanza kumeta. Na yule mtu kitandani akaanza kupumua. Shuka lilipanda juu ya kifua, likashuka, likapanda.

"Anapumua," alisema Saumu.

"Lazima apumue," nikamwambia. "Kadi nzuri hiyo."

Sikujua ni nani. Nilidhani ni mtu wa gemu tu, kama walivyo kuku na mbuzi wa mle. Ndipo akaniambia, bila kuondoa macho, kwamba katika gemu lile mchezaji akitoka, mwili wake hulala palepale mpaka atakaporudi. Idrisa alitoka mara ya mwisho, akalala pale, siku tatu kabla ya kupotea. Kwa miezi mitatu Saumu alikuwa akija kumtazama, na kwa miezi mitatu Idrisa yule wa kwenye skrini alikuwa mgumu, hatikisiki. Sasa alikuwa akipumua.

Akamwita mama mkwe wake. Bi Mwanahawa alikuja akiburuta miguu, mama wa watu tangu habari zile alikuwa hali akashiba. Akasimama mbele ya skrini kwa muda. Halafu akasema, "Hivyo hivyo ndivyo anavyolala mwanangu. Miguu nje ya shuka." Na akatabasamu.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Ni maneno saba tu: ni mipangilio, mama, nimeipandisha mimi sasa hivi. Sikuyasema. Nilikusanya vyombo vyangu, nikaaga, nikaondoka, na njia nzima nilijiambia kwamba furaha ya mama haina madhara. Wanangu, madhara yake nilikuja kuyafungua kwa mikono yangu.

Niliitwa kusafisha kadi ile baada ya miezi kama minne. Nikanusa kabla ya kufungua, na nikashtuka, maana nilitegemea ubani. Nyumba iliyopotelewa na mtu inanukia ubani, kila mtu anajua. Kadi ile ilikuwa imefunikwa na udi. Bi Mwanahawa alikuwa amehamishia kiti chake mbele ya skrini, na kila alasiri, baada ya kuswali, alikuwa akiwasha chetezo chini ya meza. Nikamweleza kuwa moshi ule unaua kompyuta. Akaniitikia kwa adabu zote, kisha akaniomba nipunguze sauti. Nikatazama, nikaona hata Saumu alikuwa akikanyaga kwa ncha za vidole kunipitishia spiriti. Nyumba nzima ilikuwa ikinong'ona. Nilipomaliza nikajikuta nami naweka bisibisi mezani taratibu, chuma kisilie.

Mara ya tatu nilipokwenda, Saumu alinivuta pembeni akaniambia Idrisa amegeuka. Alilala akielekea ukutani, sasa anaelekea mlangoni. Nikamwambia gemu zina mambo mengi, huenda kuna mahali wamewekea wanaolala wajigeuze. Nikakaa mbele ya mashine ile saa nzima nikipekua. Kupumua nilikuona, kumo, mstari mmoja tu katika mipangilio, mwendo wa miili, juu au chini. Kugeuka sikukuona popote. Nikaenda mbali nikawauliza wacheza gemu wa Makurunge waliokuwa wakilicheza lile lile, wakaniambia anayelala huwa hageuki. Mimi ni fundi, nasema nilichokiona. Nilichokiona ni uso wake, na mara ya kwanza nilikuwa nimeona kisogo.

Baada ya hapo hawakuniita tena. Ili kusafisha lazima uzime, na Bi Mwanahawa hakutaka tena izimwe. Walinunua betri kubwa za kushika umeme ukikatika. Miaka ikapita. Nikawa nahesabu kichwani: kwa udi wa kila siku feni zile zimeshakamatwa, kadi itachemka, itakufa yenyewe. Nasema kweli, nilikuwa naomba ife. Ningepona na yale maneno saba.

Miaka minne ikatimia. Asubuhi moja akaja dukani Mzee Shomari, baba yake Saumu, akakaa kwenye kigoda changu akavua kofia. Alisema kadhi ameshaandika hukumu. Ila kwa busara yake hataisoma mpaka Saumu mwenyewe atume neno kuwa amekubali, na eda itahesabiwa kuanzia siku hiyo. Saumu hatumi neno. Kila akiambiwa anajibu atakaaje eda ya mtu anayepumua. Mzee alikuwa na uchungu wa kweli. Binti yake alikuwa na miaka thelathini na miwili, anaamka, anapika, anakaa mbele ya skrini na mama mkwe, analala. Alikuwa hajafika hata sokoni tangu Idi. Mzee aliogopa atazeekea mle chumbani.

"Wewe ndiye fundi wao," akaniambia. "Nenda kasafishe. Ukitoka, sema imekufa."

Niliona ni jambo jepesi. Waya mmoja tu, tone moja la maji mahali pake, na hakuna ambaye angejua. Nikabeba begi langu. Njiani nilikuwa nimeshachagua hata waya wenyewe. Lakini Fundi Salehe alikuwa amenikalia kichwani, mzee yule na chapati yake, na kadiri nilivyokaribia nyumba ile ndivyo nilivyozidi kuona kuwa nitaongopa mara ya pili ili kuficha ya kwanza.

Walinipokea kwa minong'ono. Udi ulikuwa mzito hata ukutani. Bi Mwanahawa kitini, Saumu kwenye mkeka pembeni yake, bangili zake za harusi mkononi. Nikaomba kufungua ubavu wa kompyuta ikiwa inawaka, nitazame tu. Nikafungua. Feni zote mbili zilikuwa zimegandiana, kahawia tupu, hazizunguki wala hazitikisiki. Kadi ya namna ile haiwezi kuchora picha hata robo saa, itajizima kwa joto. Nikapeleka kidole kwenye bati la kupozea, polepole, nikitegemea kuungua.

Ilikuwa ya baridi. Baridi ya mtungi ulioshinda kivulini. Nikatoa kipimo cha joto nikakiweka juu ya bati, kisha nikakiweka mezani, kisha nikarudia. Kadi ilikuwa ya baridi kuliko chumba. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sina maelezo, na atakayekuja na maelezo namkaribisha chai. Kwenye skrini mtu yule alikuwa akipumua, shuka likipanda na kushuka, na nikatambua kuwa mimi pia nilikuwa nikivuta pumzi pamoja naye, na wao wawili pia, sote watatu kwa mpigo mmoja.

Nikakaa chini kwenye mkeka. Nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, na sauti ya kawaida mle ndani ilikuwa kama kelele.

"Saumu, mwanangu, nisamehe. Pumzi ile niliiweka mimi. Siku ile nilipandisha mipangilio kwa kujionyesha, na nilipojua ni nani sikusema. Upo mstari mmoja mle ndani, ukiushusha anaacha. Alikuwa haachi wala haanzi, ni kadi inachora."

Nilingoja wanifukuze. Saumu hakunitazama. Aliuliza kama ninaweza kumwonyesha huo mstari, nikamwonyesha. Akashika mausi mwenyewe. Alianza na mingine, labda ili kunijaribu, labda kujipa muda. Akashusha nyasi, nyasi zikafutika. Akashusha maji, kisima kikawa bluu tupu. Akashusha vivuli. Kijiji chao kikawa kama nilivyokikuta siku ya kwanza, isipokuwa yule mtu. Ukabaki mstari mmoja.

Mkono wake ukasimama. Akamgeukia mama mkwe wake, machozi yanamtoka bila sauti, akasema, "Mama, sitabonyeza bila ruhusa yako. Ukisema tungoje, nitangoja."

Na angengoja. Mimi niliyekuwa pale nawaambia, angengoja mpaka kufa, kwa ajili ya yule mama.

Bi Mwanahawa akafanya jambo ambalo mashehe mkilisoma msinikemee, mimi nilikuwa na bisibisi tu mkononi. Alisogeza kiti mpaka goti likagusa meza, akainama, akaweka mdomo karibu na skrini, pale penye sikio la mwanawe, akaanza kumtamkisha shahada. Taratibu, neno kwa neno, kama anavyotamkishwa mtu aliye katika kukata roho, ambaye familia yake imewahi kufika. Alimtamkisha mara tatu. Kila mara alinyamaza kidogo, akitega sikio. Baada ya mara ya tatu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa.

"Ameshatamka," akasema. "Mwache apumzike."

Saumu akabonyeza. Shuka lilikuwa juu. Likashuka, halikupanda tena.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, tulisema sote. Na hapohapo, ubavuni mwangu, nikasikia harufu ya udi unaoungua, na chetezo kilikuwa kimezimika. Nikagusa kadi nikaondoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto, moto wa kadi yoyote iliyokamatwa feni. Nikaizima kompyuta kwa kitufe, na hakuna aliyenizuia.

Saumu akajifuta uso kwa kanga, akaniomba nikipita kwa baba yake nimwambie apeleke neno kwa kadhi, asome hukumu leo. Akaniuliza, "Mama, leo mwezi mwandamo ni ngapi?"

Nikamwambia ni tarehe tisa ya Mfungo Saba. Akaanza kuhesabu kwa vidole, miezi minne na siku kumi, polepole asikosee. Bi Mwanahawa akamshika ule mkono aliokuwa akihesabia, akaanza kumvua bangili, moja moja, akazifunga kwenye pembe ya kanga yake mwenyewe.

"Utazivaa Shaabani," akamwambia. "Nitakuvalisha mimi."